Naimba lakini moyo ni mkavu: je, bado naabudu?

SWALI

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa miaka 38, fundi cherehani hapa Morogoro, na huu ni mwaka wa sita naongoza sifa na kuabudu kanisani kwetu. Shida yangu ilianza Novemba, tulipomzika mama. Tangu hapo nikishika maiki naimba vizuri tu, sauti ipo, watu wanalia, wengine wanapiga magoti, lakini mimi ndani ni mkavu. Zamani pambio likirudiwa mara ya tatu machozi yalikuwa yananitoka yenyewe. Siku hizi najikuta nawaza kwa nini spika ya kushoto inakoroma.

Mwezi uliopita kiongozi mmoja aliniita pembeni baada ya ibada, akaniambia upako umeniondoka, nifunge siku tatu na kutubu. Nimefunga. Sikuona badiliko lolote, ila sasa naogopa hata kupanda jukwaani.

Kuna jambo jingine, sijui kama linahusika. Mwaka jana nilimkopesha mwenzangu wa timu shilingi 180,000 za ada ya mtoto. Alikuwa akinirudishia kidogo kidogo, mkononi, bila kuandikiana. Yeye anasema amesharudisha 80,000. Hesabu yangu ni 50,000. Tulibishana, nikakasirika, nikaliandika jambo hilo kwenye kundi la WhatsApp la waimbaji. Toka Februari hatusalimiani, isipokuwa Jumapili mbele ya watu, ambapo tunasimama bega kwa bega na kutabasamu.

Naomba mnisaidie. Ninachofanya Jumapili ni ibada au ni maigizo? Niache kuongoza? Na ibada ya kweli hasa ni nini? Nimeimba miaka yote hii, lakini mtoto wangu aliponiuliza kuabudu ni nini, nilimjibu ni kuimba taratibu ukiwa umefumba macho, na jibu hilo limenikera mwenyewe.

Fundi wa Morogoro

JIBU

Amina, dada yetu, na pole sana kwa kuondokewa na mama.

Umetuletea mambo mawili yaliyofungwa kwenye fundo moja: ukavu na ugomvi. Aliyekwambia upako umeondoka naye hakuyatenganisha. Sisi tutayafungua kila moja peke yake, kwa sababu ukavu haukuzuii kusimama mbele ya Mungu wala mbele ya kanisa. Ugomvi unakuzuia.

Lakini kwanza lile swali la mtoto, maana mengine yote yanategemea jibu lake.

Maneno "ibada" na "kuabudu" yameingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, kwenye mzizi mmoja na "abd", yaani mtumwa au mtumishi. Ndiyo maana Abdallah ni mtumishi wa Mungu. Kiebrania kina mzizi huohuo: jina la nabii Obadia lina maana ya mtumishi wa Bwana, na neno "avoda" ni kazi, utumishi na ibada kwa pamoja. Mwanzo 2:15 inasema Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kitenzi hicho cha kulima ndicho hichohicho kinachotumika Musa anapomtaka Farao awaachie watu wakamtumikie Mungu. Kwenye Kigiriki cha Agano Jipya kuna maneno mawili makubwa. "Proskuneo" ni la mwili: kuinama, kusujudu. "Latreia" ni utumishi, na Paulo analitumia katika Warumi 12:1: "itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai, takatifu, ya kumpendeza Mungu, ndiyo ibada yenu yenye maana." Utaona kwamba hakuna hata moja kati ya maneno hayo lenye maana ya muziki.

Ibrahimu alipokuwa akielekea mlimani Moria aliwaambia vijana wake kwamba yeye na mtoto wanakwenda kuabudu (Mwanzo 22:5). Walichobeba ni kuni, moto na kisu. Ayubu, siku aliyoletewa habari kwamba watoto wake kumi wamekufa, alirarua joho lake, akanyoa kichwa, akaanguka chini akasujudu. Tunajua kwamba tukisema hivi kuna watakaosikia kuwa tunaushusha wimbo. Hapana. Biblia imeagiza kuimba, na kitabu chenye sura nyingi kuliko vyote ndani yake ni cha nyimbo, zaburi 150. Tunachosema ni kwamba wimbo ni mdomo wa ibada, na mdomo una mwili nyuma yake.

Kwa hiyo mwambie mwanao: kuabudu ni kumpa Mungu heshima anayostahili, kwa mdomo, kwa magoti na kwa namna tunavyoishi, kwa sababu ya yale aliyotufanyia katika Kristo. Mtoto wa miaka 8 anaelewa hilo.

Sasa kuhusu "katika roho na kweli". Maneno haya ya Yohana 4 hunukuliwa kila Jumapili, na mara nyingi hufasiriwa kana kwamba "roho" ni hisia kali na "kweli" ni kutoigiza. Rudi kisimani usome mazungumzo yote. Mwanamke Msamaria anauliza juu ya mahali: mlima huu au Yerusalemu? Hekalu la Wasamaria pale Gerizimu, ndio mlima huo, lilikuwa limebomolewa zaidi ya miaka 100 kabla ya siku hiyo, na la Yerusalemu Warumi walikuja kulibomoa mwaka 70. Yesu anaondoa swali la mahali. Katika Injili hiyohiyo Roho ndiye anayemzaa mtu mara ya pili (sura ya 3), na Yesu mwenyewe anasema yeye ndiye kweli (14:6). Kuabudu katika roho na kweli ni kumjia Baba kwa Roho Mtakatifu, kwa njia ya Kristo. Waebrania 8 inamwita Kristo mhudumu wa patakatifu, na sura ya 13 inasema dhabihu ya sifa tunaitoa "kwa njia yake yeye". Ona hilo linavyokugusa wewe: ibada yako inapokelewa kwa sababu yake, wala haijawahi kupokelewa kwa sababu ya machozi yako, hata miaka ile yalipokuwa yanatiririka.

Tena angalia mpangilio wa mazungumzo yale. Kabla hawajafika kwenye habari ya kuabudu, Yesu amemgusa mwanamke penye maisha yake, wale waume watano. Hakumwacha aruke kutoka majini mpaka kwenye theolojia bila kupita nyumbani kwake. Shika hilo, tutalirudia.

Tuje kwenye ukavu. Umefiwa na mama miezi michache iliyopita. Moyo uliochoka kwa msiba mara nyingi hauna machozi ya ziada ya kutoa kwa ratiba saa nne asubuhi kila Jumapili. Na kile ulichokuwa unakisikia pambio likirudiwa mara ya tatu, sehemu yake ni ufundi wa muziki wenyewe: mpiga kinanda anapandisha kii, yaani kimo cha sauti ya wimbo, nusu hatua, ngoma inanyamaza, kisha inarudi kwa nguvu, na nywele zinasimama. Hata harusini husimama. Mungu ndiye aliyetuumba tusisimke hivyo, na ni zawadi nzuri, lakini msisimko ukija haujathibitisha kitu, na usipokuja pia haujathibitisha kitu. Agustino, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, aliandika karibu mwaka 400 kwamba kila alipoguswa na sauti kuliko maneno yanayoimbwa alijihesabu amekosa, na hapohapo akakiri kwamba nyimbo za kanisa zilimliza alipoanza kuamini na kwamba zina faida. Aliogopa kulia kwa sababu isiyostahili. Wewe umefanywa uogope kutolia.

Fungua Zaburi 88. Ni ya wana wa Kora, waimbaji wa hekaluni, watu wa kazi kama yako. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila mstari wa mwisho wa kuinuka. Waliiimba mbele za Mungu vilevile, na ikabaki katika Maandiko. Mtu anayemwambia Mungu "sioni kitu" bado anasema na Mungu, na huko ni kuabudu. Anayejikamua machozi ili waumini waone upako umerudi, huyo ndiye aliyeingia kwenye maigizo. Usijikamue.

Kufunga kwako hakukupotea, ila ulipewa dawa ya ugonjwa mwingine. Kwa ukavu wa msiba tunashauri kitu kidogo cha kila siku. Kabla hujafungua duka, kaa dakika 15. Dakika ya kwanza nyamaza tu. Soma zaburi moja kwa sauti ya kusikika, maana jicho peke yake huruka mistari. Anza na ya 13, kisha 42, 77, 88 na 130, halafu urudi ya kwanza uende moja kwa siku. Chagua mstari mmoja, uugeuze uwe maombi yenye jina la mtu au jambo. Taja kosa moja, moja tu, kwa jina lake: "jana nilimdanganya yule mteja", si "nisamehe mapungufu yangu yote". Maliza kwa ubeti mmoja bila ala yoyote, magoti yakiwa chini kama yanaruhusu. Kama siku hiyo hukusikia kitu, funga Biblia ukafungue duka. Siku hiyo imehesabiwa. Wengi wanaoacha zoezi hili huacha mapema, kwa sababu walianza na saa nzima.

Neno moja zaidi hapa. Ikiwa hulali, huli vizuri, au unawaza kufa, nenda hospitali ukaonane na daktari, na umwambie ndugu unayemwamini. Kufanya hivyo hakupunguzi imani hata kidogo.

Ugomvi sasa, na hapa tutakaa kidogo.

Umeandika "sijui kama linahusika". Linahusika kuliko yote uliyoandika: kama kule kisimani, njia ya kuabudu inapita kwanza nyumbani. Yesu alisema: "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako" (Mathayo 5:23-24). Maneno haya aliyasema Galilaya. Madhabahu ilikuwa Yerusalemu, zaidi ya kilomita 100. Anayesikiliza alielewa gharama: umetembea siku kadhaa, mnyama yuko mbele ya kuhani, umekumbuka, unaacha, unarudi mpaka kijijini, kisha unaanza safari upya. Na soma vizuri ni nani mwenye neno. Hakusema wewe ukiwa na neno juu ya ndugu yako. Alisema yeye akiwa na neno juu yako. Katika barua yako wewe ndiye unayedai. Lakini ulimwanika kwenye kundi la WhatsApp, mbele ya watu anaosimama nao kila wiki, tena juu ya ada ya mtoto. Hapo yeye ana neno juu yako, na neno lake ni zito kuliko shilingi 30,000 mnazobishania.

Fanya hivi. Mpigie simu, usimwandikie. Maandishi hayana sauti, na ujumbe wa kuomba radhi husomwa kwa sauti ya hasira aliyonayo msomaji. Omba nafasi ya dakika 20, siku isiyo Jumapili, nyumbani kwake au popote atakapopenda yeye. Nenda peke yako. Ukifika, anza na kosa lako na ulimalize: "Nilikuanika mbele ya watu. Nilikosa. Naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Neno "lakini" likiingia tu, toba imegeuka mashitaka, na hapo ndipo upatanisho mwingi wa watu wa kanisani unapofia. Akikusema, msikilize mpaka amalize. Siku hiyo usiguse habari ya deni, hata akilianzisha yeye; mwambie mtapanga siku nyingine.

Jioni hiyohiyo rudi kwenye kundi lilelile ulikoandika. Kosa lililofanyika mbele ya watu 15 haliombewi radhi chumbani. Andika kwa ufupi: "Wapendwa, Februari nilileta hapa jambo la mimi na mwenzetu. Sikupaswa kulileta. Nimemwomba radhi, nawaomba radhi na ninyi. Tafadhali tusilijadili." Usieleze zaidi ya hapo. Wala usipeleke ungamo hilo mbele ya kanisa zima. Toba iende mpaka pale kosa lilipofika, basi.

Deni ni kikao cha pili, baada ya wiki moja hivi. Kwa hesabu yako zimebaki 130,000. Kwa hesabu yake 100,000. Hakuna karatasi, na mlikuwa mnapeana mkononi, kwa hiyo hakuna mwanadamu atakayeujua ukweli. Ushauri wetu, na uamuzi ni wako, ni kukubali hesabu yake: awamu tano za 20,000, ziandikwe kwenye karatasi yenye tarehe na sahihi mbili, na alipe kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Zile 30,000 ziachilie, na ukiziachilia usizitaje tena, hata kwa mzaha kwenye mazoezi. Daudi alipopewa bure uwanja wa Arauna ajenge madhabahu, alikataa. Akaununua pamoja na ng'ombe kwa shekeli 50 za fedha, akisema hatamtolea Bwana sadaka asizozigharimia (2 Samweli 24:24). Hicho kipande cha 30,000 kinaweza kuwa ibada yako yenye gharama kubwa kuliko zote mwaka huu. Kama huwezi kukiachilia, kwa sababu una watoto na kodi ya fremu, sema hivyo wazi, na mchague mtu mmoja mnayemheshimu wote wawili awasaidie kugawana hasara. Hiyo nayo ni njia ya haki.

Je, akikataa kukuona? Warumi 12:18 ina maneno mawili ya kukupumzisha: "kama yamkini", na "kwa upande wenu". Mpigie mara ya pili baada ya siku kadhaa, kisha umwombe mchungaji au mzee mmoja awakutanishe. Ukishafika hapo, upande wako umeutimiza.

Waamini wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, walijulikana kwa nyimbo zao, na walijulikana vilevile kwa kurudisha mali walizoiba na kuungama kwa waliowakosea. Hayo mawili yalikwenda pamoja. Kanisa lililobaki na nyimbo peke yake limepoteza nusu.

Uliuliza uache kuongoza. Usijiuzulu. Omba Jumapili tatu za kukaa benchi. Mwambie mchungaji una jambo la kupatana na mtu na unataka ulimalize kwanza. Maelezo zaidi si lazima. Ndiyo ile "iache sadaka yako", na sadaka huachwa pale madhabahuni, haichukuliwi kurudishwa nyumbani. Ukiwa benchi imba kama muumini mwingine yeyote, na fanya kazi moja ambayo jukwaani huwezi kuifanya: sikiliza kama kanisa linaimba.

Hapo utagundua mambo ya kurekebisha utakaporudi, na mengine tunaweza kukutajia tangu sasa. Kwanza ni kii. Waimbaji wa jukwaani hupenda kii ya juu kwa sababu sauti inang'aa. Shika C ya katikati ya kinanda, panda oktava moja, yaani mpaka C inayofuata juu, ongeza noti moja: hapo ndipo dari la mtu wa kawaida. Pambio likipita hapo mara kwa mara, akina baba wanashuka na kuguna, bibi zetu wananyamaza, na mnabaki ninyi wenye maiki. Shusheni hatua mbili. Pili, katika kila ibada acheni ubeti mmoja bila ala na bila maiki. Kama jengo linakuwa kimya, basi siku zote hizo mlikuwa mnawaimbia watu badala ya kuimba nao. Punguzeni sauti ya spika na mrudie nyimbo wanazozijua. Mkiwa na dakika 25, nyimbo nne zinatosha. Nane zinawafanya mkimbilie mwisho wa kila moja.

Tatu, na hili ndilo zito, ni maneno. Chukua daftari uandike nyimbo 12 za mwezi uliopita. Mbele ya kila wimbo jiulize nani ndiye mtendaji: Mungu alivyo na alichofanya, au mimi nitakavyoinuliwa, nitakavyopokea, adui zangu watakavyoaibika? Wimbo wa ombi una nafasi yake, lakini kama 9 kati ya 12 ni mimi, kanisa linafundishwa kila wiki kwamba Mungu ni mtu wa kutuletea tulichoagiza. Hesabu pia ni ngapi zinazotaja msalaba, ngapi zina toba, na ngapi anaweza kuziimba mtu aliyezika juzi. Tunahofia safu hiyo ya mwisho utaiona tupu, na wewe ndiye unayejua maana yake. Mkirudia pambio, mara nne zinatosha. Mkihitaji zaidi, katikati someni mistari miwili ya zaburi, ili akili nayo ipate cha kushika, kama Paulo alivyosema ataimba kwa roho na ataimba kwa akili pia (1 Wakorintho 14:15).

Na tafadhali, ile ya "Mbona mmelala leo? Pigeni makofi!" iacheni kabisa. Aliyekaa pale nyuma ametoka zamu ya usiku hospitalini, au amegombana na mume njiani, au amefiwa kama wewe. Kuwagombeza hakuwainui, kunawafundisha kuigiza. Anza na mstari wa Maandiko unaosema Mungu ni nani, kisha uimbe.

Imebaki cherehani, ambayo wewe hukuiulizia. Paulo alipoandika "lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana" (Wakolosai 3:23), mstari unaotangulia unaonyesha anasema na watumwa juu ya kazi zao za kila siku. Ukitumia saa 2 Jumapili kuimba na saa 50 kwa wiki kushona, sehemu kubwa ya mwili uliotolewa dhabihu iko kwenye kile kiti cha fundi. Na kila mteja wa fundi nguo anajua maradhi mawili ya kazi hii. La kwanza ni "njoo kesho", inayosemwa wakati kitambaa hakijakatwa. Kama una uwezo wa magauni mawili kwa siku, kwa siku sita ni 12. Mteja wa gauni la 13 mpe tarehe ya wiki ijayo, umwambie hivyo usoni, hata akienda kwa fundi mwingine. Andika kwenye daftari jina, vipimo, tarehe ya kupokea na tarehe ya kweli ya kumaliza, uongeze siku mbili za umeme kukatika na wagonjwa wa nyumbani. La pili ni kipande kinachobaki. Mteja ameleta kitenge cha yadi 6, gauni limekula 4. Zile mbili ni zake. Zikunje, uzitie kwenye mfuko pamoja na gauni, umwonyeshe kabla hajauliza. Amosi 5 inamwonyesha Mungu akizikataa nyimbo na sauti za vinanda vya watu waliokuwa wakimdhulumu maskini, na dhuluma nyingi sokoni huanza na vipande vidogo.

Mwisho, yule kiongozi aliyekwambia upako umeondoka. Usimkwepe na usimjibu jukwaani. Ukishamaliza la mwenzako, mwombe faragha umweleze kwamba umemzika mama Novemba na bado unaomboleza. Huenda hajawahi kuunganisha mambo hayo mawili. Mwombe siku utakayorudi, Jumapili ya nne, mwanze kwa kusoma Zaburi 42 yote, mistari 11, bila kinanda chini yake. Mwenzako asome nusu, wewe usome nusu.